Zamu ya Krismasi ni Deni

Kila ifikapo Disemba, maofisini na mahotelini hapa kwetu pwani huanza mnong'ono ule ule. Wenzetu wa bara waitazama kalenda. Tiketi za basi na za treni zaadimika, nauli zapanda, na kila mmoja ataka awe amefika kwao kabla ya tarehe 25. Wakati huo huo wageni wamiminika Mombasa, Diani na Malindi, na kila mkono wahitajika. Hapo msimamizi huwageukia Ali na Mwanaisha, akasema: "Nyinyi hamna Krismasi. Mtashika zamu."

Kushika zamu hiyo si vibaya, ndugu wasomaji. Ni ujirani mwema. Mtu aliyekaa mwaka mzima mbali na mamake ana haki ya kwenda kumwamkia. Ninalosema mimi ni kwamba wema huo ni deni, na deni huandikwa.

Mwaka 2000 Ramadhani iliangukia Disemba, na Idd-ul-Fitr ikaja siku chache tu baada ya Krismasi. Nilikuwa kijana katika ofisi moja hapa Mombasa. Nikapatana na mwenzangu, mtu wa Ukambani: mimi nimshikie Krismasi yake, naye arudi anishikie Idd yangu. Tukapeana mikono. Krismasi nikaishika, na saumu yangu kinywani. Idd ilipokaribia, mwenzangu haonekani. Nikamwendea mkubwa wetu, naye akafungua daftari. "Huyu likizo yake yaisha mwezi wa kwanza," akanambia. "Hayo mapatano yenu yako wapi?" Hayakuwako popote ila vinywani mwetu. Idd niliiswali asubuhi, kisha nikaingia kazini na kanzu ingali yanukia udi. Wanangu walikwenda kumwamkia babu yao bila mimi.

Kwa miaka nilimlaumu yule bwana. Wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Lakini siku hizi naona kosa kubwa lilikuwa langu. Sisi tuliosoma chuoni twajua kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, ndani ya Sura ya Al-Baqara, yahusu kuandikiana deni. Twaihifadhi, twaisoma kwa tajwidi, kisha twaenda kukopeshana siku zetu kwa mdomo! Mali bila daftari hupotea bila habari, na siku ya Idd ni mali.

Waajiri nao wana lao la kusikia. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa mfanyakazi likizo isiyopungua siku 21 za kazi, kwa mshahara kamili, kwa kila miezi 12 aliyotumikia. Haikuuliza dini yake. Na Mwislamu asiye na Krismasi si kwamba hana haja na Disemba. Watoto wake nao wamefunga skuli, na harusi za jamaa zake nyingi hungoja likizo hiyo hiyo. Basi na aulizwe, asiamrishwe. Pengine atakubali, na akikubali aandikiwe.

Najua wasimamizi watajibu: "Krismasi ina tarehe yake, Idd yangoja mwezi uandame. Tutapangaje?" Jambo hili si gumu kama lionekanavyo. Mwezi wa Kiislamu ni siku 29 au 30, haupungui wala hauzidi hapo. Shaka yote, basi, ni ya siku moja. Karani aandike siku zote mbili, hii au ya pili yake, na aliyelipwa Krismasi yake akae tayari kwa zote mbili. Idd-ul-Fitr ni siku ya mapumziko kwa nchi nzima, lakini hoteli, hospitali na bandari hazifungwi. Lazima awepo wa kushika, na haki ni kwamba awe yule aliyeshikiwa.

Mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kama 11, kwa hiyo sikukuu zetu huuzunguka mwaka mzima na kurudi zilipotoka. Kwa hesabu ya falaki, Idd-ul-Fitr yatarajiwa kuangukia karibu na tarehe 23 Disemba, mwaka 2033. Siku hiyo Ali atataka kwenda kuswali na mwenzake atataka kupanda basi, na hakuna atakayeweza kumbeba mwenziwe mzima mzima. Itabidi wagawane: huyu siku zile, yule siku hizi. Watakaokuwa wamezoea kuandikiana na kulipana wataelewana. Wengine watagombana mbele ya wageni.

Kwa hivyo, wewe uliyeombwa kushika zamu Krismasi hii, sema ndiyo kwa moyo safi. Kisha omba daftari. Liandikwe jina lako, jina lake, na Idd utakayolipwa. Mtie sahihi nyote wawili, na msimamizi atie yake. Si kwamba humwamini mwenzako. Wamwandikia ili mwendelee kuaminiana.