Dzaleka: Insulini, mgao unaopungua na kiwanda kilicho ndani ya seli

Kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa, iko takriban kilomita 45 kutoka Lilongwe, mji mkuu wa Malawi. Ilifunguliwa mwaka 1994 katika eneo lililokuwa gereza la kisiasa la utawala wa Kamuzu Banda, ikakusudiwa kupokea watu wapatao 10,000. Leo inahifadhi zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazotawala soko lake.

Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, limelazimika kupunguza msaada kambini humo kwa kukosa fedha. Mjadala umehusu njaa, na ni haki uhusu njaa. Lakini lipo kundi ambalo kwake chakula na dawa havitenganishiki: wagonjwa wa kisukari wanaochoma insulini.

Aprili 2025, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari, katika kongamano lake mjini Bangkok, lilitambua rasmi kisukari cha aina ya tano, kinachotokana na utapiamlo wa muda mrefu. Ugonjwa huo ulielezwa kwa mara ya kwanza nchini Jamaika mwaka 1955. Shirika la Afya Duniani liliuweka katika orodha yake mwaka 1985, kisha likauondoa mwaka 1999 kwa hoja kwamba ushahidi haukutosha. Hadi leo baadhi ya wataalamu hawajaridhika. Wanaouunga mkono wanakadiria kuwa unawapata watu milioni 20 hadi 25, hasa barani Asia na Afrika.

Kazi isiyoonekana

Ili kuelewa tofauti kati ya aina hizi za kisukari, inafaa kuanzia ndani ya seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Humo mna mtandao wa tando zilizokunjamana kando ya kiini cha seli, uitwao retikulamu endoplazimu. Ndipo protini zinazokusudiwa kutoka nje ya seli zinapoundwa na kukunjwa katika umbo lake sahihi. Seli moja hukadiriwa kuweza kutengeneza hadi molekuli milioni moja za proinsulini, malighafi ya insulini, kwa dakika. Kila moja lazima ifungwe kwa vifungo vitatu mahali panapostahili, na iliyokunjwa vibaya hutolewa na kuharibiwa.

Kazi ikizidi uwezo, mtandao huo hupiga kengele. Seli hupunguza uzalishaji, huongeza protini saidizi za kukunja, na huondoa zilizoharibika. Peter Walter wa Marekani na Kazutoshi Mori wa Japani walitunukiwa Tuzo ya Lasker mwaka 2014 kwa kufichua utaratibu huu. Ni kinga nzuri, ila ina kikomo: mzigo usipopungua, kengele ileile huiamuru seli ijiue.

Katika kisukari cha aina ya pili, mwili huacha kuitii insulini, na kongosho hulazimika kuzalisha zaidi na zaidi. Msongo wa retikulamu ni mojawapo ya sababu za seli hizo kuchoka na kufa. Katika aina ya tano hali ni nyingine. Mwili bado unaitii insulini, lakini njaa ya tumboni mwa mama au ya utotoni inadhaniwa kuliacha kongosho na uwezo mdogo tangu awali. Kwa maneno mengine, mmoja ana kiwanda kilichoelemewa, mwingine hakujengewa kiwanda cha kutosha.

Kipimo na sahani

Tofauti hiyo ina uzito kitabibu. Mgonjwa mwembamba, kijana, mwenye sukari ya juu huhesabiwa kwa urahisi kuwa wa aina ya kwanza. Utafiti uliofanyika Kamerun, Uganda na Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2025 ulionesha kwamba karibu theluthi mbili ya vijana waliopewa utambuzi huo hawakuwa na chembe za kinga zinazoutambulisha. Wakipewa insulini kwa kipimo cha kawaida na chakula kikawa haba, sukari yao inaweza kushuka ghafla, hali inayoweza kuua haraka kuliko sukari iliyopanda.

Hapo ndipo kupunguzwa kwa msaada kunapoingia chumba cha daktari. Kipimo cha insulini huandikwa kwa kudhani kwamba mtu atakula. Malawi iliweka masharti kuhusu kazi na uhuru wa kutembea ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, na mwaka 2023 serikali iliwaamuru waliokuwa wakiishi mijini, Lilongwe ikiwemo, warudi Dzaleka. Familia nyingi zilipoteza maduka yaliyokuwa yakizilisha.

Uhifadhi wa dawa una habari njema kidogo. Utafiti wa Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva, uliotumia vipimo vya joto kutoka kambi ya Dagahaley huko Dadaab, Kenya, ulibainisha mwaka 2021 kwamba insulini hubaki salama kwa wiki nne katika joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Mgonjwa asiye na jokofu anaweza basi kuiweka nyumbani.

Kupima kiasi cha insulini ambacho mwili bado unajitengenezea kunahitaji maabara, na mgonjwa wa Dzaleka anayehitaji uchunguzi mkubwa hupewa rufaa kwenda hospitali ya wilaya ya Dowa au Hospitali Kuu ya Kamuzu mjini Lilongwe. Kati ya rufaa moja na nyingine, mhudumu wa afya kambini hubaki na glukomita, chupa ya insulini, na swali ambalo kipimo hakimjibu: mgonjwa huyu atakula nini jioni?