DAMU ISAFIRI, MGONJWA ABAKI KAZINI



Yako maradhi yasiyomlaza mtu kitandani, wala yasiyompa nafasi ya kuyasahau. Mwenye nayo huja ofisini asubuhi kama wenzake, huketi mezani pake, hupiga mhuri na kufunga majalada, wala mtu hamdhanii neno. Walakini kila miezi mitatu hana budi kujua damu yake imefanya nini. Katika maradhi ya namna hii twataka kunena leo juu ya moja tu, ambalo tumelifuata kwa karibu kwa sababu ya wenzetu wawili, nalo ni saratani ya damu iendayo polepole, iitwayo na waganga lukemia sugu ya maieloidi. Rai yetu twaitoa mapema ili msomaji aijue kabla hajachoka: yafaa chama hiki kisimamie safari ya damu ya wanachama wake, bi maana kishike kazi ya karatasi, sanduku na malipo, badala ya kupitisha daftari la michango ili mtu mzima apelekwe ng'ambo kwa ajili ya kichupa kimoja.

Kwanza ugonjwa wenyewe, kwani wengi wakisikia neno saratani huanza kupanga matanga. Mwaka 1960, katika mji wa Philadelphia huko Marekani, Peter Nowell na David Hungerford waliona ndani ya chembe nyeupe za wagonjwa hawa kromosomu moja iliyo fupi kupita kawaida. Mwaka 1973 Janet Rowley wa Chicago akaonyesha sababu yake: kromosomu ya 9 na ya 22 zimebadilishana vipande, mfano wa majalada mawili yaliyofungwa kwa haraka, karatasi za hili zikaingia katika lile. Palipoungwa vibaya hutoka amri isiyokoma, na chembe nyeupe huzidi kuzaliwa bila kiasi. Zamani mgonjwa wa namna hii alihesabiwa miaka michache. Tangu 2001, Marekani ilipoiruhusu dawa iitwayo imatinibu, mambo yamegeuka. Amezaye kidonge chake kila siku, na dawa ikamkubali, aweza kuishi karibu sawa na watu wa rika lake. Wala dawa hiyo si ya matajiri peke yao. Tangu mwanzo wa miaka ya 2000 shirika la Max Foundation pamoja na kiwanda cha Novartis waliwapa bure wagonjwa wa nchi nyingi. Na Aprili 2013 Mahakama ya Juu ya India ilipokataa kukipa kiwanda hicho haki ya pekee juu ya dawa hii, viwanda vya India viliendelea kuitengeneza kwa bei nafuu.

Basi kidonge aghalabu chapatikana. Taabu iko katika kupima kama kidonge kile kinafanya kazi, na hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Hospitali zetu nyingi zina mashine ya kuhesabu chembe za damu. Mgonjwa akiisha kumeza dawa miezi miwili mitatu, hesabu yarudi kuwa njema, bandama lapungua, nguo zaanza kumkaa tena, naye asema, "Nimepona." Hesabu ile haikusema uwongo, ila haioni mbali. Ugonjwa waweza kuanza kupanda chini ya hesabu iliyo safi kabisa, na siku chembe zitakapokuja kuonyesha, muda wa thamani umekwisha kupita. Kipimo kionacho huko chini ni kile kinachohesabu jeni iliyoungwa, iitwayo BCR-ABL. Majibu yake huandikwa kwa sehemu za mia, kwa vipimo vilivyokubaliwa na mataifa, na waganga huyatazama kwa ngazi: miezi mitatu tangu kuanza dawa, jibu lisizidi 10 kwa mia, miezi sita, lisizidi 1, mwaka mmoja, liwe 0.1 au chini yake.

Asiyeifikia ngazi yake huulizwa kwanza kama ameza dawa kila siku (na sote twajua jinsi watu wanavyolijibu swali hilo mbele ya daktari). Kisha hutazamwa kama jeni ile imebadilika hata ikaikataa dawa, apewe dawa nyingine. Liko badiliko moja, T315I, ambalo huzikataa imatinibu, nilotinibu na dasatinibu zote tatu. Ampaye mgonjwa dawa hizo bila kulijua amwaga maji juu ya jiwe. Na ugonjwa ukiachwa utoke katika hatua yake ya polepole uingie katika hatua ya ukali, ni vigumu mno kuurudisha nyuma. Hii ndiyo sababu twasema kwamba mgonjwa apataye dawa bila kipimo ni kama mhasibu alipaye kila mwezi asiangalie salio.

Sasa tuitazame damu. Huchotwa katika kichupa chenye kifuniko cha zambarau, ambacho ndani yake mna EDTA ya kuizuia isigande. Kichupa cha kifuniko cha kijani, chenye heparini, hakifai, maana heparini huvuruga kipimo hiki. Kinachotafutwa ni RNA, nayo huharibika upesi kuliko samaki wa Feri. Kwa hiyo maabara hutaka kichupa kifike ndani ya siku mbili hivi; nyingine huvumilia hata ya tatu. Kikae penye baridi, lakini kisigandishwe. Kutoka Dar es Salaam mpaka Johannesburg ndege haiendi zaidi ya saa nne, na Mumbai nako si mbali kwa ndege. Umbali, basi, si adui. Damu iliyochotwa asubuhi yaweza kuwa mezani kwa mpimaji kesho yake, kama hapana kitu kilichoisimamisha njiani.

Na kinachoisimamisha twakijua. Mwenzetu mmoja wa masjala alichotwa damu siku ya Ijumaa, kwa sababu Ijumaa ndiyo siku aliyopata ruhusa. Msafirishaji aliichukua jioni. Jumamosi ofisi moja ilikuwa imefungwa. Jumapili zilifungwa zote. Jumatatu ikaonekana kwamba katika karatasi ya forodha mahali pa thamani pameachwa wazi, na mwenye kuijaza hakuandika namba yake ya simu. Sanduku likakaa. Lilifika Alhamisi, na jibu likaja kwa mstari mmoja: haipimiki. Mtu huyu alilipa mara mbili. Fedha tuziache, lililo kubwa ni kwamba alikaa miezi mitatu mingine gizani, akimeza kidonge asichojua kama chamfaa. Alipopimwa mara ya pili, ngazi ilikuwa imekwisha kumpita, na daktari akambadilishia dawa. Hatumtaji mwenye kosa, kwani walikuwa watu wanne, na kila mmoja alifanya robo yake.

Hapa twauliza: ni nani ajuaye kuliko karani kwamba mzigo husimama kwa ajili ya karatasi? Daktari huijua damu, mpimaji aijua jeni, rubani aijua njia. Bali tarehe, saini, nakala tatu, anwani iliyo kamili na mtu wa kupigiwa simu, hizi ni zetu. Tumezifanya kwa ajili ya saruji na matairi ya Serikali miaka yote hii. Haitupasi kuona ni jambo kubwa mno kuzifanya kwa ajili ya mwenzetu.

Kanuni zenyewe hazitishi. Damu ya namna hii husafirishwa kwa namba UN 3373, nayo yataka vifungio vitatu: kichupa kisichovuja, chombo cha pili kisichovuja, na katikati yao pamba au karatasi ya kutosha kunywa damu yote kama kichupa kitavunjika, kisha sanduku gumu la nje. Mojawapo ya vile viwili vya ndani sharti kiweze kustahimili nguvu ya hewa ya ndegeni, yaani kilopaskali 95. Juu ya sanduku hubandikwa ile alama ya almasi yenye namba, pamoja na jina na simu ya mtu anayehusika. Zaidi ya hayo huenda pakatakiwa kibali cha kuitoa damu nchini, na cha nchi ipokeayo, na vibali hivyo huombwa kabla ya sindano, si baada yake. Jambo hili la mwisho lingeandikwa kwa wino mwekundu kama mashine yetu ya kunakili ingekuwa na rangi mbili.

Twashauri, basi, chama kimteue mwanachama mmoja, na wa pili wa kumshikia zamu, wawe na daftari la kazi hii peke yake. Damu ichotwe Jumatatu au Jumanne tu. Maabara iulizwe kwa barua siku zake za sikukuu, kwani sikukuu zao si zetu. Mtu akipeleka damu India siku ya Diwali amejitakia. Barua ya daktari ieleze tarehe dawa ilipoanza, kiasi chake, na majibu yaliyotangulia. Na maabara iwe ile ile kila mara, maana tarakimu za maabara mbili zisizofuata vipimo vile vya mataifa hazilinganishwi. Mtu aweza kudhani amepanda, kumbe amebadilisha ratili tu. Kuhusu fedha, chama kitoe malipo kwanza, mwanachama arudishe kidogo kidogo katika mshahara, kama tufanyavyo kwa mikopo ya ada za shule. Sanduku moja laweza kuchukua vichupa vya watu kadhaa siku moja, na gharama ya msafirishaji ikagawanywa.

Tumesikia maneno ya upande wa pili, nayo si ya kupuuzwa. Liko la kwamba damu yetu ikifika huko haijulikani itafanywa nini. Wazee wetu waliogopa mumiani, na katika siku za ukoloni hofu hiyo ilivuma pwani na bara. Wajukuu wao wakicheka wasicheke sana, maana swali lenyewe ni la haki. Jibu lake ni maandishi. Karatasi ya ridhaa iseme kipimo ni kipi, na kwamba damu itakayobaki iharibiwe, isiwekwe kwa uchunguzi mwingine bila idhini ya mwenyewe. Maabara isiyotaka kutia saini maneno hayo, tuiache. Kadhalika kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, nayo huzihesabu habari za afya kuwa nyeti. Chama kikishika daftari hili kitakuwa chini ya sheria hiyo. Kwa hiyo ndani ya daftari ziandikwe namba badala ya majina, na ufunguo wa namba hizo ukae kwa Katibu peke yake. Twajua jinsi habari zinavyotembea barazani wakati wa chai. Yuko mtu aliyekosa kupandishwa cheo kwa sababu mkubwa wake alisikia kwamba "ana saratani," wakati yule bwana hakuwa amekosa kazini hata siku moja mwaka mzima.

Wengine husema kwamba fedha ya wengi isitumike kwa ugonjwa wa wachache. Hawa tungewaomba watazame daftari za michango ya miaka iliyopita. Kila mara mwenzetu aliposafiri ng'ambo kwa kipimo, tulichangia nauli yake, nauli ya ndugu wa kumsindikiza, malazi na visa, naye kazini hayupo wiki mbili. Wako waliouza shamba. Fedha hizo zilitoka kwa wengi vile vile, ila zilitoka kwa haraka na kwa huzuni.

Hoja ya mwisho ndiyo tunayoipenda zaidi: kwa nini kisipimwe hapa? Kweli kabisa. Mashine iitwayo GeneXpert, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipitisha mwaka 2010 kwa kupima kifua kikuu, imeenea katika hospitali zetu. Na kwa katriji yake maalumu mashine ya namna hiyo hupima BCR-ABL pia, jibu likatoka siku ile ile. Tena wataalamu wa Fred Hutchinson huko Seattle, wakishirikiana na Max Foundation, wameonyesha kwamba matone ya damu yaliyokaushwa juu ya karatasi yaweza kutumwa kwa posta bila baridi yoyote yakapimika. Kwa hiyo kabla ya kila sanduku kufungwa, mwenye daftari aulize kwanza hospitali kubwa za nchini kama kipimo hicho kinapatikana wiki ile na katriji zipo. Kikipatikana nyumbani, kipimwe nyumbani. Tusiwe watu wa kupeleka nje kwa mazoea. Tena chama kiandike barua kuomba katriji hizo ziingizwe katika maagizo ya kawaida, na kuomba bima yetu ikitambue kipimo hiki kila miezi mitatu. Barua hiyo ikiwa na hesabu ya masanduku tuliyopeleka na gharama zake, itasomwa kwa uzito kuliko malalamiko matupu. Na hesabu hiyo hatutakuwa nayo kama hatuna daftari.

Hoja hii tumekwisha kumpelekea Katibu iwekwe katika mkutano mkuu ujao. Hata siku hiyo ifike, mwanachama aliye na ugonjwa huu, au mwenye mke, mume au mtoto aliye nao, amwone Katibu faraghani baada ya saa za kazi. Aje na kadi yake ya dawa na jibu la mwisho la kipimo, hata kama ni la zamani.