Kuhifadhi si Kubonyeza

Mwaka jana simu yangu ilitumbukia baharini nilipokuwa nikishuka mashuani Mkokotoni. Jua lilikuwa limekwisha kuzama, na nilitaka kumwarifu binti yangu kwamba nitachelewa. Kijana mmoja muungwana akaniazima yake. Niliishika, nikaitazama, nikamrudishia. Nambari ya binti yangu, ninayezungumza naye kila siku ya Mungu, sikuijua. Usiku ule ule, tukingoja gari, niliwasomea wenzangu beti zaidi ya arubaini nilizofunzwa na bibi yangu nilipokuwa na umri wa miaka tisa. Sikukwama hata pamoja.

Tangu siku hiyo nimekuwa mgomvi wa simu, na ugomvi wangu si ule wa kila siku. Wengine hulalamika kwamba inatupotezea wakati. Mimi nasema inatupotezea kifua.

Neno lenyewe limetugeuka. Zamani ikisemwa fulani kahifadhi, ilifahamika kuwa kitu kimemwingia moyoni na hakitoki ila kwa roho kutoka. Leo mtu hupelekewa shairi, akabonyeza, akasema "nimehifadhi", na hali hata mshororo wa kwanza hajausoma. Sisi tunaohangaika na tafsiri twajua kwamba neno halibadiliki maana mpaka watu wamekwisha kubadilika.

Nitajibiwa kwa methali: mali bila daftari hupotea bila habari. Naam. Lakini daftari huandikwa na mwenye mali, naye huijua mali yake kabla ya kuiandika. Simu huandika kwa niaba yetu yale tusiyoyajua, na kwa sababu imeyaandika, hatuyajui kamwe.

Na tuulizane mashairi yetu yamefikaje hapa. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki kiasi cha mwaka 1840. Mwishoni mwa karne ile, Mwalimu Sikujua alimsaidia mmisionari Mwingereza, William Taylor, kuyakusanya mashairi yake kutoka kwa watu waliokuwa wakiyakumbuka. Diwani yake ilichapwa mwaka 1940. Kwa miongo kadhaa, basi, sehemu kubwa ya kazi ya mshairi huyo iliwategemea watu waliokubali kuibeba vifuani. Lau wangalikuwa kama sisi, Muyaka angalizikwa mara mbili.

Mwenye kudhani ghala letu jipya ni madhubuti na akumbuke. Mei 2008 umeme unaoletwa Unguja kutoka Bara kwa waya wa chini ya bahari ulikatika, tukakaa gizani karibu mwezi mzima. Disemba 2009 giza likarudi, likakaa kiasi cha miezi mitatu. Mei 2024 nyaya mbili za intaneti ziliharibika baharini, na Afrika Mashariki ikashikwa na kigugumizi. Mtegemea cha nduguye hufa maskini; sisi twategemea cha mtu tusiyemjua, kilicholazwa kwenye matope tusiyoyaona.

Sikatai fadhila zake. Mama wa Pemba humsikia mwanawe aliyeko Maskati. Mvuvi huuliza bei kabla ya kutia nanga. Anayezikana hayo hajapata kungoja barua. Lakini chombo cha kumfikia aliye mbali tumekifanya badala ya kumbukumbu, na hapo ndipo nasema hapana.

Wala nisiambiwe kwamba vichwa vya siku hizi haviwezi. Katika madrasa zetu wangalipo watoto wa miaka kumi na miwili waliobeba Msahafu mzima kifuani. Uwezo tunao, tulichoacha ni kuwataka watoto, na nafsi zetu, waubebe mzigo wowote mwingine.

Kwa hivyo, msomaji wangu, sikwambii uitupe simu yako. Yangu imejitupa yenyewe na nimenunua nyengine. Nakutaka mawili tu. Jifunze nambari za watu watano ambao ungependa waje siku utakapoanguka njiani. Kisha chagua shairi moja katika kurasa hizi, ulisome mpaka likuingie, na umsomee mtu barazani ukimtazama usoni. Ukilisahau katikati, usitie mkono mfukoni. Muulize aliyekaa karibu nawe. Huenda yeye ndiye aliyebaki nalo.