Vyama viwili vya Marekani na somo kwa Kongo: anayeshindwa abakie na pa kutawala

Kila mara mjadala wa katiba unaporudi katika Kongo, sauti mbili husikika haraka. Ya kwanza inasema vyama vimezidi, afadhali vibakie viwili kama Marekani. Ya pili inasema dawa ni federalisme, kila jimbo lijitawale, tena kama Marekani. Tangu Raisi Félix Tshisekedi atangaze kule Kisangani, Oktoba 2024, kwamba tume itaundwa ili kutafakari juu ya katiba, sauti hizo zimepata sababu mpya ya kusema.

Zote mbili zinatazama inchi moja, lakini kila moja inaona kipande. Kule Marekani vyama viwili na majimbo yenye mamlaka vinategemeana. Na kinachosimamisha nyumba hiyo si hesabu ya vyama. Ni kwamba chama kinachoshindwa Washington hakirudi nyumbani mikono mitupu: kinabaki na majimbo ya kuongoza, bajeti ya kutumia na polisi wa kusimamia. Asiyekubali kushindwa si mshindani, wahenga walisema. Lakini ni rahisi zaidi kukubali kushindwa kama mtu hajapoteza vyote.

Hakuna sheria iliyosema viwili

Katiba ya Marekani, iliyoandikwa mwaka wa 1787, haitaji chama hata kimoja. Raisi wa kwanza, George Washington, katika ujumbe wake wa kuaga wa mwaka wa 1796, aliwaonya raia juu ya hatari ya vyama. Hakusikilizwa. Vyama vilikuwa vimekwisha kuzaliwa, na tangu hapo vingine vimekufa. Chama cha Republican chenyewe kilianzishwa mwaka wa 1854, wakati chama cha Whig kilipokuwa kinavunjika, na miaka sita baadaye kilimwingiza Abraham Lincoln madarakani.

Kinachozaa vyama viwili ni namna ya kupiga kura. Baraza la Wawakilishi lina wabunge 435, na kila eneo la uchaguzi linatoa mbunge mmoja tu. Karibu kila mahali, mwenye kura nyingi kuliko wengine anachukua kiti, hata kama hakufikia nusu. Kwa uraisi kuna wajumbe 538 wa majimbo, na mgombea anahitaji 270. Katika majimbo 48 anayetangulia anachukua wajumbe wote. Maine na Nebraska pekee ndizo zinazoweza kuwagawa.

Katika mfumo wa namna hiyo, mtu wa tatu anaumia. Mwaka wa 1992 Ross Perot alipata karibu kura 19 katika kila 100 inchi nzima, lakini hakupata mjumbe hata mmoja. Mwaka wa 1912 Theodore Roosevelt aliwagawa Warepublican wenzake, na Woodrow Wilson wa chama cha Democrat akashinda kwa kura kama 42 katika 100. Mpiga kura alijifunza: ukimpa wa tatu, unamsaidia yule usiyemtaka.

Kwa hiyo wakulima, vyama vya wafanyakazi, makanisa na wafanyabiashara hutafuta nafasi ndani ya moja ya nyumba hizo mbili. Wanagombana humo kwanza, katika kura za mchujo, halafu wanatoka na mgombea mmoja. Kongo nayo inajua miungano, lakini ile inayotawala mara nyingi hufungwa kisha uchaguzi. FCC na CACH waliungana kisha kura za 2018, wakaachana, na Union sacrée ikajengwa na wabunge waliochaguliwa kwa majina mengine. Mmarekani anaona muungano kabla ya kupiga kura. Mkongomani mara nyingi anauona wakati kura yake imekwisha kutumika.

Kongo ilijaribu kwa amri

Wanaotaka sheria ipunguze vyama wakumbuke kwamba jambo hilo limekwisha kufanyika hapa. Katiba ya Juni 1967, chini ya Mobutu, iliandika kwamba vyama visipite viwili. MPR ilikuwa imeanzishwa mwezi mmoja kabla. Cha pili hakikuonekana, na Desemba 1970 katiba ilibadilishwa ili MPR ibaki peke yake. Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu yuleyule alitangaza vyama vitatu. Watu hawakutosheka na hesabu hiyo, na mlango ukafunguliwa kwa wote. Leo vyama vilivyoandikishwa vinapita 900.

Amri ya kusema "viwili" ilizaa kimoja, kwa sababu anayepewa nguvu ya kuhesabu vyama ndiye anayechagua chama gani kihesabiwe. Lakini kanuni ya kura inafanya kazi bila kumfunga mtu. Tangu sheria ya 2017 ilipodai kura 1 katika 100 inchi nzima ili orodha ihesabiwe katika kugawa viti vya bunge la taifa, vyama vidogo vimelazimika kutafutana na kujipanga katika makundi.

Hata hivyo, kuiga kura ya Marekani nzimanzima kungekuwa hatari. Chukua eneo la Kivu au Ituri ambamo jamii moja ina watu 60 katika 100 na nyingine ina 40. Kwa kiti kimoja, wale 40 wanaweza kukaa miaka mingi bila mwakilishi wao. Orodha za Kongo, pamoja na vurugu zake zote, zinawaachia mlango.

Anayeshindwa bado ana kazi

Nguvu ya mfumo wa Marekani inaonekana zaidi ukitoka Washington. Novemba 2024 Wademokrati walishindwa uraisi, Seneti na Baraza la Wawakilishi kwa mara moja. Lakini waliendelea kuongoza California, New York na Illinois, majimbo makubwa yenye kodi, mahakama na vyuo vikuu vyao. Hawakuhitaji msituni wala uhamishoni. Walikuwa na ofisi za kurudia asubuhi.

Tena, jimbo si fotokopi ya Washington. Vermont humpigia kura Mdemokrati kwa uraisi, lakini tangu 2017 gavana wake ni Phil Scott, Mrepublican. Kentucky na Kansas zilimchagua Donald Trump, lakini zilichagua pia magavana Wademokrati, Andy Beshear na Laura Kelly. Raia anapima barabara na shule za kwake kwa kipimo kimoja, na mambo ya taifa kwa kingine.

Kisha uchaguzi wa 2020, jambo hilo liliokoa mengi. Kule, uchaguzi husimamiwa na majimbo, hakuna tume moja ya inchi nzima. Tarehe 2 Januari 2021, Trump alimpigia simu Brad Raffensperger, msimamizi wa uchaguzi wa Georgia, akimwomba atafute kura 11.780, moja zaidi ya zile zilizomshinda. Raffensperger ni Mrepublican kama yeye. Alikataa. Raisi hakuwa mkubwa wake wa kazi: hakumteua na hangeweza kumfukuza.

Oktoba 2025 vyama viwili vilipokosa kupatana juu ya bajeti, serikali ya Washington ilifunga sehemu ya kazi zake kwa siku 43. Wafanyakazi wengi wa taifa walikosa mishahara. Lakini shule za mitaa hazikufungwa kwa sababu hiyo, kwa maana sehemu kubwa ya pesa zake hutoka katika kodi za jimbo na za mji. Ugomvi wa wakubwa haukufika kwenye meza ya kila mwalimu.

Upande mwingine wa sarafu

Lakini Marekani si paradiso. Kwa karibu miaka mia moja kisha vita vya kuondoa utumwa, majimbo ya kusini yalikuwa chini ya chama kimoja, Democrat, na yalitumia uhuru wao wa jimbo ili kuwanyima Weusi kura. Ilihitajika sheria ya taifa ya mwaka wa 1965 ili milango ya kura ifunguke. Kumpa gavana mamlaka bila kulinda haki za wachache ni kumkabidhi bwana mdogo fimbo ya bwana mkubwa.

Na leo vyama vyenyewe vinachora upya ramani za maeneo ya uchaguzi ili vijipatie viti. Mwaka wa 2019 Mahakama Kuu ya Marekani ilisema mahakama za taifa hazina uwezo wa kuamua kesi za ramani zinazopendelea chama. Mwaka wa 2025 Texas ilibadilisha ramani yake ili kuwaongezea Warepublican viti, na California ikajibu kwa kuwaongezea Wademokrati. Jimbo linapogeuka handaki la chama, faida ya federalisme inaanza kupotea.

Kipimo cha Kongo

Wengi mashariki wanaposikia neno federalisme wanafikiri balkanisation, na wana haki ya kuogopa, kwa sababu wanakumbuka Katanga ya 1960 na wanajua vita vya leo. Lakini mambo hayo mawili hayafanani. Jimbo la Marekani halina sarafu yake wala ubalozi wake, na haliwezi kutoka katika umoja. Swali hilo lilikatwa kwa damu kati ya 1861 na 1865. Kongo nayo ilikuwa na katiba ya federalisme, ile ya Luluabourg ya 1964. Haikupewa muda: Novemba 1965 Mobutu alichukua madaraka.

Katiba ya 2006 haitumii neno hilo, lakini ilitoa sehemu ya dawa: majimbo 26, mabunge ya jimbo, gavana anayechaguliwa na wabunge hao, na kifungu cha 175 kinachosema asilimia 40 ya mapato ya taifa yabakie moja kwa moja katika majimbo. Kwa vitendo, majimbo yanapeleka pesa Kinshasa, halafu yanangoja rétrocession. Kivu ya Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya état de siège Mei 2021, na magavana wanajeshi wakateuliwa kutoka Kinshasa. Desemba 2023 wakaaji wa Masisi na Rutshuru hawakupiga kura kabisa.

Katika hali hiyo, anayeshindwa Kinshasa ameshindwa kila mahali. Njia zinazobaki ni kuhama chama ili akaribie sahani, au kubisha matokeo hadi mwisho. Wengine walichagua bunduki, kosa ambalo halina udhuru na ambalo mashariki inalilipia kila siku. Lakini inchi inayotaka bunduki zinyamaze inapaswa pia kuwapa wanasiasa kitu cha kushindania ambacho si kiti kimoja tu cha raisi, ambacho tangu 2011 kinapatikana kwa duru moja, bila sharti la kufikia nusu ya kura.

Kwa hiyo, kabla ya kubishana kama vyama viwe viwili au mia, kuna kazi ambayo haihitaji katiba mpya. Asilimia 40 ibakie majimboni kama ilivyoandikwa. Usalama ukirudi, Kivu ya Kaskazini na Ituri zichague magavana wao. Masisi na Rutshuru zipige kura kama wengine. Siku gavana wa upinzani atakapoweza kulipa walimu wa jimbo lake na kutengeneza barabara bila kungoja simu ya Kinshasa, hesabu ya vyama itajipanga yenyewe. Bila hayo, hata vyama viwili vitapigania sahani moja, na raia ataendelea kutazama kwa mbali.