Risala ya Wazee wa Kata kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wazee Duniani, Oktoba 1

Ndugu Mgeni Rasmi, Mkuu wetu wa Wilaya, Mheshimiwa Diwani, Ndugu Watendaji, wazee wenzetu mlioweza kufika,

Tunakushukuru kwa kuja, na kwa sabuni na sukari tulizoziona zikishushwa garini. Tutazipokea. Ila wenye shida kuliko sisi hawapo uwanjani hapa. Wako juu huko migombani, majumbani mwao. Kuteremka wangejikongoja, lakini kupanda tena kurudi wasingeweza. Risala hii ni yao.

Ndugu Mgeni Rasmi, Serikali imetupa dirisha la wazee kwenye vituo vya afya na matibabu bila malipo kwa mzee asiyejiweza. Hatubezi. Lakini dirisha humfaa anayelifikia. Mzee wa kule juu akipanda bodaboda kwenda na kurudi, hela aliyotumiwa na mwanawe imekwisha. Na akifika anaandikiwa dawa ya presha akanunue duka la dawa, maana kituoni hakuna. Wapo wanaomeza kidonge leo, wakaruka kesho na keshokutwa, ili kopo lifike mwisho wa mwezi.

Tuna jirani yetu, bibi aliyepita miaka 80, anayeishi na mjukuu wa darasa la nne. Choo chake ni cha kuchuchumaa, kipo nyuma ya nyumba, na njia yake huteleza mvua ikinyesha. Kwa kuogopa kwenda chooni usiku, bibi huyu aliacha kunywa chochote kuanzia saa kumi jioni. Asubuhi akiamka kichwa kinazunguka. Mwaka huu alianguka mlangoni, akavunjika nyonga, na tangu hapo ni wa kitandani. Mjukuu anamwogesha kabla ya kwenda shule. Kipande cha bomba cha kushikia na kiti chenye tundu vingemwepusha na yote haya, na fundi wa hapa kijijini angevitengeneza kwa siku moja.

Jambo linalotuuma zaidi ni jibu tunalopewa tukieleza hali zetu: "Ni uzee tu, mzee wangu." Si uzee tu. Tangu mwaka 2001 wataalamu wa afya ya wazee wanatumia dalili tano kumtambua mzee anayedhoofika: kukonda bila kukusudia, kuchoka upesi, mkono kukosa nguvu ya kushika, mwendo kuwa wa taratibu, na shughuli kupungua. Mwenye tatu kati ya hizo yuko katika hatari ya kuanguka, kulazwa na kufa mapema. Akiwahiwa, akapata mayai, maziwa na maharage badala ya ndizi tupu, na mazoezi ya miguu, anaweza kurudisha sehemu ya nguvu zake. Kumpima kunahitaji mizani, saa, kifaa cha kupimia nguvu ya mkono na maswali machache. Hatujapata kumwona mtu akipita nyumbani kutupima hivyo.

Watoto wetu tusiwalaumu sana. Wako Arusha na Dar es Salaam, wanatuma wanachopata, na Desemba wanakuja. Lakini mzee haanguki Desemba peke yake.

Kwa hiyo tunadai haya. Mhudumu wa afya wa jamii amtembelee kila mzee asiyetoka nyumbani angalau mara moja kwa mwezi, akiwa na kipimo cha presha, na alipwe kwa kazi hiyo. Dawa za presha na kisukari zitolewe za miezi miwili kwa mkupuo, na aruhusiwe ndugu kumchukulia mgonjwa. Halmashauri itenge fungu la vyoo vya kukalia, vishikio na magongo; hili tunataka kuliona kwenye bajeti ijayo, kwa tarakimu.

La pensheni tumelisema miaka mingi. Zanzibar ilianza kumlipa kila mzee wa miaka 70 na kuendelea shilingi 20,000 kwa mwezi tangu Aprili 2016, awe aliajiriwa au alilima. Sisi tuliochuma kahawa iliyoiletea nchi fedha za kigeni hatuna mfuko wowote, ingawa Sera ya Taifa ya Wazee ilitungwa tangu mwaka 2003. Tufikishie hilo Dodoma.

Mwisho, tunakuomba kabla hujaondoka upande nasi hadi nyumba tatu zilizo juu ya kanisa. Gari halifiki; tumekuandalia gongo.

Tunaomba kuwasilisha.

Baraza la Wazee la Kata