Tupime Taka Zetu Kabla ya Kuzitupa



Wiki mbili zilizopita tulifanya jambo ambalo hatukuwahi kulifanya tangu tuwe na nyumba: tulizipima taka zetu. Tu watu sita chini ya paa moja hapa Mombasa, na kila mmoja wetu aliamini kuwa nyumba yetu haina israfu.

Tuliweka ndoo tatu nyuma ya jiko. Ya kwanza ilikuwa ya vitu vinavyooza: maganda, machicha ya nazi, majani ya chai na mabaki ya chakula. Ya pili ilikuwa ya vitu vikavu: chupa, mikebe, karatasi na plastiki. Ya tatu ilikuwa ya vitu vya hatari na vichafu: betri, vioo vilivyovunjika, dawa zilizopitwa na wakati na nepi. Kila usiku baada ya swala ya Isha tulipima ndoo kwa mizani, tukatoa uzito wa ndoo yenyewe, kisha tukaandika daftarini. Chakula kilichopikwa tulikipima peke yake kabla ya kukitupa.

Siku ya saba tukajumlisha. Taka zote zilikuwa kilo 14: kilo 9 za kuoza, 3 kavu na 2 za ndoo ya tatu. Kilichotunyamazisha ni kwamba katika zile 9, kilo 3 zilikuwa chakula kilichopikwa, na 2 kati ya hizo zilikuwa wali. Wiki iyo hiyo jirani yetu alipiga hodi kuazima kibaba cha mchele, nasi tukampa huku tukijiona wakarimu. Kumbe mchele tulioutia jaani ulikaribia kibaba hicho hicho.

Sura ya Al-A'raf, aya ya 31, imetuhalalishia kula na kunywa, na papo hapo ikatukataza israfu. Mtume (S.A.W.) naye alitufundisha kuwa tonge likianguka tuliokote, tulisafishe na tulile. Ikiwa tonge moja lina heshima hiyo, tutajibu nini juu ya sufuria nzima?

Daftari lilituonyesha chanzo: tulikuwa tukipika kwa kukisia, na kila Ijumaa tukizidisha. Sasa mchele twaupima kwa idadi ya walaji, na kabla ya kuinjika chungu twauliza nani atakula nyumbani. Chakula kikizidi, hupelekwa kwa jirani kingali kizuri, au huwekwa kwenye friji mapema, kwani joto la pwani huharibu wali upesi. Asubuhi kiporo hupashwa moto sawasawa. Wiki ya pili chakula kilichotupwa kilishuka hadi nusu kilo.

Maganda na machicha twayatia katika shimo uani, tabaka la taka na tabaka la majani makavu, tukiyageuza kila wiki yawe mbolea. Asiye na ua aweza kumpa jirani mwenye mbuzi au kuku. Taka za chakula zikifukiwa jaani pasipo hewa hutoa gesi ya methani, inayozidisha joto la dunia. Zikichanganywa na karatasi, huziharibu karatasi hizo zisifae tena. Ndiyo maana sheria ya nchi yetu ya mwaka 2022 kuhusu taka inataka zinazooza zitengwe na zisizooza pale pale zinapotokea.

Hatukukosa kuvunjika moyo. Wiki ya kwanza mwenye mkokoteni alizimwaga ndoo zote pamoja mbele ya macho yetu. Hatukumlaumu, kwani hatukuwa tumesema naye. Sasa yeye huchukua ndoo ya tatu peke yake, na vikavu twawapa wanaonunua chupa na mikebe. Plastiki hatuichomi, kwa sababu moshi wake ni sumu kwa watoto wetu.

Tunawanasihi wasomaji wetu wajaribu kwa siku saba tu. Kazi hii isiachiwe mama au mfanyakazi wa nyumbani pekee. Baba ashike mizani na watoto waandike. Tumeamrishwa kujihesabu kabla ya siku ya kuhesabiwa, na hesabu hiyo yaweza kuanzia jikoni.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kushukuru neema zake. Amin.