Msiwachagulishe Wanariadha Wetu

Mwandishi aliyewataka wanariadha wa vyuo vya Arusha wachague kati ya daftari na raba amemsahau Suleiman Nyambui. Alipotwaa medali ya fedha ya mita 5,000 Moscow mwaka 1980, alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas, El Paso. Ukiacha hiyo na ya Filbert Bayi, michezo hiyo hiyo, Tanzania haina medali nyingine ya Olimpiki.

Eti mazoezi ndiyo yanayowafelisha! Mtazame kijana anayepandisha Ilboru alfajiri, Meru ikiwa mbele yake, akarudi hosteli kunywa chai kavu kwa sababu bumu limechelewa, kisha saa mbili yuko darasani. Akisafiri kukiwakilisha chuo, jaribio linampita. Hapangiwi jingine, anapata sapu, mwisho anadisko. Mbio zina kosa gani hapo? Akiumia goti ananyamaza, maana anaogopa kuachwa kwenye timu.

Chuo kinachopokea kombe kwa vigelegele kimpe mchezaji wake mlo, mshauri wa kuzungumza naye na tarehe ya pili ya jaribio. Na ruhusa ya tarehe hiyo isainiwe kabla basi halijaondoka, si matokeo yakishabandikwa.